Kitanda cha Mshazari

Kazi yangu ni kupamba vibanda vya mapumziko, vile vya mbao huko mashambani ambavyo watu wa Dallas na Houston hukimbilia wikendi. Wengi wao hutaka kijivu na nyeupe. Mimi sitaki, na sifichi. Chumba kidogo ukikipaka kijivu umekizika.

Ndiyo maana tulipatana na mama mmoja wa Alief, mtaa wa Houston. Yeye na mumewe ni watu wa Mombasa kama mimi, wana duka la vyakula, na walikuwa wamenunua kibanda cha chumba kimoja katikati ya malisho, karibu nusu ya njia kati yao na Grand Prairie, karibu na Dallas, ninakokaa. Walikusudia kukikodisha. Kisha mama akapigwa na kiharusi, upande wa kushoto ukafa, akawa mtu wa kulala tu. Daktari aliporuhusu atoke hospitali kwa siku chache, mama alinipigia simu mwenyewe, ulimi mzito.

"Mwanangu, nataka nikalale kule shamba. Usiniwekee cheupe hata kimoja. Cheupe nimekiona mpaka basi. Na nataka niswali vizuri. Huku ma-nurse wananigeuza watakavyo wao, kila siku napewa ukuta mwengine."

Alikuwa akiswali amelala ubavu wa kulia, na mwili wake haukuweza kujigeuza hata kidogo. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea kitanda. Nilikichora jikoni kwangu: kitanda cha kujengea, kimefungwa kwa skrubu ukutani na sakafuni, droo chini yake, na mbele ya uso wake dirisha pana la kutazama ng'ombe. Kuta rangi ya bizari, droo za kijani, mito myekundu, mkeka wa ukindu chini. Dirisha na kibla pamoja! Nilijiona fundi kweli.

Siku ya kuja kwao nilitangulia. Nikafukiza udi, nikatandika mashuka ya maua. Mumewe, ambaye mimi humwita Ami, akapiga simu: "Tushatoka Alief. Na-drive polepole, mama yako hataki kutikiswa." Adhuhuri ikaingia, nikafungua simu nitazame kibla ili niswali.

Mshale ukaelekea kwenye kona, penye kabati. Nikaitikisa simu. Nikatoka nje, nikarudi. Kona ileile.

Nilikuwa nimemwelekeza mama kaskazini. Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini. Tumekua hivyo, kila msikiti na kila chumba cha bibi. Hapa Texas ni kati ya kaskazini na mashariki, na nyumbani kwangu naswali hivyo miaka yote. Lakini nilipoona alama ya kaskazini kwenye mchoro, mkono wangu ulikwenda wenyewe Mombasa.

Nilikasirika nikaupiga teke mlango. Halafu nikawaza kunyamaza. Nani angejua? Sikuwa nimewahi kufanya chumba kizuri kama kile. Nikakumbuka ule ukuta mwengine wa kila siku, nikaona haya, nikachukua drili.

Skrubu za ukutani zilitoka, za sakafuni zikakataa. Nilikuwa bado nimepiga magoti gari lilipoingia. Ami akasimama mlangoni akitazama vumbi na droo zilizotapakaa.

"Unafanya nini wewe?"

"Kibla, Ami. Nimekosea. Nimemweka kaskazini."

Nikangoja anigombeze. Akatazama dirisha, akatazama kona.

"Na mimi nilikuja juzi ku-check," akasema taratibu. "Nikaona sawa kabisa."

Akakunja mikono ya shati, akaninyang'anya drili, akazing'oa skrubu za sakafuni.

Mama alikuwa garini, kiti kimelazwa, joto linaingia dirishani. "Alasiri bado?" akauliza. Ilikuwa imeshaingia. Jioni dawa zilikuwa zikimlaza asijitambue, na sisi wawili tulilijua hilo. Tukasukuma kwa nguvu zote. Kitanda kikakwaruza sakafu, kikabandua kipande cha rangi ya bizari, kikakaa mshazari katikati ya chumba, pembe yake moja karibu izibe mlango. Chumba kiliharibika. Niliumia, sitasema uongo, kama mtu aliyechaniwa nguo mpya.

Tukambeba, tukamlaza. Ami akamtayamamisha kwa udongo wa pale nje, badala ya udhu wa maji. Nikamwonyesha mshale kwenye simu, akautazama kwa muda, kisha midomo yake ikaanza kutikisika. Sisi tulibanana ukutani, hatuna pa kupita, tukiogopa hata kukohoa.

Alipomaliza machozi yalikuwa yamelowesha mto. "Msikirudishe," akasema. "Hata nikifa, msikirudishe."

"Wacha maneno hayo," Ami akamwambia, akatoka nje upesi.

Siku zake zote za ruhusa alizipitisha pale. Kisha akarudishwa hospitali, na huko ndiko alikofia.

Sasa kibanda hukodishwa. Wageni husifu rangi, lakini wengi wao hukisukuma kitanda kikae sawa na ukuta. Wakiondoka, Ami hunipigia amekasirika: "Wamekisogeza tena hawa." Kisha hufunga duka na kuendesha gari kutoka Alief peke yake ili akirudishe mshazari. Nimemwambia mara nyingi kwamba nitakipiga skrubu sakafuni, kazi ndogo tu, asihangaike tena na safari ile. Hataki.