Taa ya Mjomba katika Sufuria ya Bibi

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuamini kwamba taa ya gari yaweza kupashwa moto kama mkate wa kumimina.

Taa ya nyuma ya teksi ya mjomba ilikuwa imeingia maji. Aliniambia nikiifungua na kuikausha bila kuivunja, hatalipeleka gari tena kwa fundi wa Ngamiani, nitalitengeneza mimi. Kifuniko chake chekundu cha plastiki kilishikwa na gundi, nami nilijua gundi hulegea kwa moto. Sikutaka moto wa upande mmoja. Nikaiweka katika sufuria ya bibi, nikafunika, nikapalia makaa juu na chini kama afanyavyo yeye.

Bibi hutukataza kufunua mapema, mkate usije ukabonyea. Basi sikufunua. Nilitamani sana kuchungulia, lakini nikajizuia, nikajiona fundi mwenye subira.

Mjomba akaingia uani na abiria wake wa Pangani.

"Shikamoo mama. Mnapika nini? Kinanuka mpira."

"Marahaba. Muulize mpwa wako, leo mpishi ni yeye."

Bibi akaondoa makaa, akafunua. Plastiki ilikuwa imetandaa chini, nyekundu, laini, imechukua umbo la sufuria sawasawa.

Abiria akainama, akatazama. "Umeiva," alisema.

Siku hizi mjomba hafanyi safari za usiku, matengenezo ya gari yamerudi kwa fundi wa Ngamiani, nami nikiweka kitu motoni hufunua kila mara.