Kilo Zangu Kati ya Aru na Bunia

Siku ya kwanza kazini nilidhani nitashika ndege. Nilipewa mizani. Chef d'escale, yaani mkuu wa kituo chetu pale Bunia, alinipandisha mimi kwanza, akacheka. "Weye iko muzito kwa hii kazi. Sasa pima wengine, na usimwonee mutu haya. Mama mukubwa, pasta, colonel, wote wanapanda."

Nimepima watu mpaka magoti yakaisha. Ninyi leo mnauliza simu, nayo inawaambia kwamba ndege haimalizi saa moja kutoka Bunia hadi Aru. Si uongo. Ila sisi wa ndege ndogo tulihesabu umbali kwa watu. Aru hakukuwa na mafuta, hivyo ndege ilibeba ya kwenda na ya kurudi, na mafuta ni mazito. Kama rubani alitazamia kuzunguka mvua, alijaza zaidi, na mtu alishushwa. Wa kumshusha alikuwa mimi. Nimetukanwa kwa lugha zote za Ituri, na Kifaransa juu yake.

Baadaye nilihamishiwa Aru, nikawa mkuu wa kituo mwenyewe: meza, mizani, na redio tuliyoiita fonie. Mke wangu alinifuata huko. Masika moja tumbo likamshika, na daktari akasema apasuliwe Bunia, tena upesi.

Tuliondoa viti vya ndege tukamlaza sakafuni. Muuguzi alishika dripu yake. Nyuma yao alikaa mama mmoja na mtoto aliyehema kwa shida. Nafasi iliyobaki ilikuwa yangu.

Rubani alirudi kutoka kukagua piste, njia ya kurukia, viatu vimejaa tope. "Piste iko mubaya, na niko na mafuta ya kuzunguka mvua. Mutu mumoja iko mingi."

Hakunitazama. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na yeye hakuwahi kupima upya nilichopima. Ningeweza kuandika kwamba nimekonda. Nilitaka, tena nilitaka sana. Lakini tope lile nililiona kwa macho yangu, na aliyelala mle ndani alikuwa wangu.

"Unabaki?" mke wangu akauliza.

"Nakuja na barabara."

"Barabara iko mubaya, Baba Dieudonné."

"Nakuja tu."

Nilikaa kwenye fonie mpaka Bunia wakasema ndege imetua salama. Kisha nikadandia lori la wachuuzi wa Ariwara. Lilizama matopeni, likasimamishwa kwenye kila kizuizi, likazama tena. Niliingia hospitalini siku ya tatu. Mama mkwe alinipokea mlangoni, akanishika mkono, nikajua. Walikuwa wamemfunika uso alfajiri ile.

Sasa nimestaafu, nakaa Bunia, na ndege zikipita sinyanyui kichwa. Watu hudhani kazi ile ilinichosha mgongo. Mgongo ungali mzima. Ni moyo uliochoka, wala hauponi kwa kupumzika.

Dieudonné, kifungua mimba wetu, huja kila Jumapili baada ya misa. Tunakula, tunazungumza habari za wajukuu, kisha anauliza lile lile.

"Papa, ulibaki Aru kwa sababu ya kilo zako tu?"

"Kilo zangu tu."

"Na kama ungeandika ya uongo?"

"Sijui. Mama yako alifika, mutoto wangu. Ni miye nilichelewa."