Miezi Tuliyoufunga Mwamba

Siku ya mkutano nilikuwa wa kwanza kusimama kupinga. Afisa wa hifadhi ya bahari, dada wa kutoka bara aliyehamishiwa kwetu karibuni, alikuwa amemaliza kutueleza kwamba pweza hukua haraka. Tukiuacha mwamba kwa miezi michache bila kuugusa, alisema, tutavuna wakubwa, siyo hivi vitoto tunavyovitoa kila siku. Wanaume wakaitikia kwa vichwa. Kukubali kwao hakukuniuma; kilichoniuma ni kukubali upesi vile.

"Wao wana mitumbwi," nilisema. "Mkifunga mwamba wa karibu watapiga kasia waende mbele. Sisi wanawake tunakwenda kwa miguu, maji yakishapwa. Hapo hamjafunga bahari. Mmetufungia sisi."

Wifi yangu, dada wa mume wangu, akapiga kigelegele. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchokoa pweza nilipoolewa hapa nikitokea upande wa Madimba, kwenye mikorosho, sijui hata kutembea juu ya mwamba bila kujichana miguu. Ni mjane. Tangu mumewe afariki, wanawe wamekula kutokana na mwamba ule.

Afisa hakukasirika. "Mama, ungekuwa wewe, ungefunga wapi?" akaniuliza.

Sikuwa nimejiandaa kuulizwa, lakini jibu nilikuwa nalo. Nikasema tufunge upande unaoelekea mlango wa mto Ruvuma, na kipande kilicho mbele ya kijiji kiachwe kwa wanaotembea kwa miguu, wavu usiingie. Watu wakabishana mpaka adhana ya adhuhuri ikatukatiza. Tuliporudi kutoka kuswali, mwenyekiti akasema basi, iwe hivyo, na mimi niingie kwenye kamati ya ulinzi. Kwetu anayesema sana hupewa kazi.

Kipande kile tulichoachiwa kilikuwa kidogo, tukakimaliza mapema. Ikabidi tuingie porini kuchimba ming'oko, vile viazi mwitu vya wakati wa shida, tukavichemsha tukala na chumvi. Mwanangu wa mwisho akaniuliza kama bahari imehama. Mume wangu alileta samaki siku alizopata, na siku alizokosa tulitazamana tu. Mara nyingi nilijiuliza kama njaa hii nimejiletea kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini kila zamu yangu ya ulinzi ilipofika, nilikwenda.

Asubuhi moja ya bamvua, maji yamepwa mbali, nikamkuta wifi yangu upande uliofungwa. Kikapu mkononi, na ndani yake pweza mmoja, mdogo.

"Utanifanya nini?" akaniuliza.

"Nitasimama hapa mpaka utoke."

"Wewe ntu wa ajabu! Si wewe uliyepinga?"

"Nilipinga. Kisha tukakubaliana. Sasa nalinda tulichokubaliana."

"Na wanangu nani anawalinda?"

Sikuondoka. Tulisimama hivyo mpaka maji yakaanza kutupanda miguuni, ndipo akatoka bila kunitazama. Nikaipeleka habari kwenye kamati kama ambavyo ningeipeleka ya mtu mwingine yeyote. Akaonywa mbele ya watu. Jioni nikampelekea unga wa muhogo. Akaupokea mlangoni, salamu yangu hakuiitikia, na wala baada ya hapo hakunisemesha.

Siku ya kufungua, ufuo ulijaa watu. Nilikuwa nimeinama kwenye shimo langu niliposikia anapiga kelele, "Wifi! Wifi, njoo!" Nadhani alisahau kwamba hatusemeshani. Nikakimbia. Pweza alikuwa amemzonga mkono mpaka kwapani, na ilibidi tumvute wote wawili. Tulipomtoa tukaanguka chali majini tukicheka kama wasichana.

Kicheko hakikufika mbali. Walikuja watu wa vijiji vingine ambao hawakufunga wala kulinda, wakavuna bega kwa bega nasi. Na wanunuzi, walipoona pweza wamezagaa namna ile, wakashusha bei kabla ya adhuhuri. Tulifunga sisi, wakafungua wote.

Ulipoitishwa mkutano mwingine, wengi walidhani nitasema sasa basi. Nikasema tufunge tena, kwa sababu pweza wale niliwaona kwa macho yangu. Ila tufungue kipande kwa kipande ili wanunuzi wasitupangie bei, na wasiolinda wasubiri tumalize kwanza. Afisa akakubali, mwenyekiti naye akakubali. Nikaongeza kwamba, mwamba ukiwa umefungwa, wenye mitumbwi watoe kitoweo kwa nyumba za wajane. Hapo pakawa na makelele.

"Keti, mama, hilo tutalitazama," mwenyekiti akasema.

"Litazameni nikiwa nimesimama."

Nikasimama. Waliendelea na mambo mengine, ya barabara na ya kisima, nami nimesimama palepale, miguu inawaka, mpaka nahodha mmoja akachoka kuniona. "Haya, tutatoa kila Ijumaa," akasema, na wenzake wakaona haya kukataa.

Tulipopiga kura, waliotaka kufunga tena walikuwa wengi; wifi yangu alinyoosha mkono upande wa wasiotaka.

"Hata baada ya hayo yote?" nikamuuliza njiani.

"Samaki wa kupewa sitaki. Nataka kwenda mwenyewe, siku ninayotaka."

Nikamwambia namwelewa, na kwamba zamu yangu nitalinda vilevile. Akasema anajua, ndiyo maana akinyoosha mkono haangalii nilipo. Tukaendelea kubishana mpaka mlangoni kwake, akanikaribisha ndani, tukabishana huko pia.