Wapagazi wa Jumamosi

Jumamosi nilikuwa Kwihara kwa shangazi yangu, wakaingia vijana watatu kutoka Dar na mabegi makubwa mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Leteni mizigo." Kwetu mgeni hupokewa mzigo kwanza, habari baadaye.

Wakagoma. Wanafuata njia ya misafara kwa miguu, wakasema, wapate kuonja taabu ya wapagazi wa kale.

"Wale walibeba pembe za ndovu. Nyie je?"

"Hema, mama."

Shangazi akaitazama nyumba yake. Walipoaga akawapa kiroba cha viazi vitamu, maana mgeni haondoki mikono mitupu.

Baadaye niliwapita njiani. Kiroba na mabegi vilikuwa juu ya bodaboda, wao wakiifuata kwa miguu. Hapo wamepatia: hata zamani, mwenye msafara hakubeba kitu.