Uso wa Esta

Macho ya Mogesi yalianza kuingia ukungu mwaka uleule mwanawe Mseti alipooa. Mkwewe, Esta, alitoka Mbalibali, na hata siku ya harusi Mogesi alimwona kama kivuli kilichovaa kitenge. Tangu afike Nyangoto, Esta ndiye aliyempeleka mama mkwe wake chooni, aliyempozea uji, aliyemnawisha uso kwa maji ya vuguvugu kila asubuhi. Ukungu nao ukazidi. Mwaka wa nne Mogesi hakuweza tena kutofautisha ng'ombe na kichuguu.

Akatafuta wa kumlaumu, akampata aliyekuwa karibu. Alianza kwa kuwanong'oneza majirani kwamba maji yale ya asubuhi yana kitu. Kisha akamwambia Mseti waziwazi achague, mke au mama. Mseti alibisha wiki mbili, akachoka. Esta akarudi kwao na begi moja, ng'ombe wa mahari wakarejeshwa, mji wa Mogesi ukawa kimya.

Miaka mitatu Mogesi alitembea kwa fimbo, mpaka ilipotangazwa kanisani kwamba madaktari wa macho wamefika Tarime. Mseti akampeleka, akafanyiwa upasuaji. Muuguzi Regina alipofungua bandeji, Mogesi aliviona vidole vyake mwenyewe, kisha kucha, kisha uchafu ndani ya kucha. Akacheka kama msichana.

Akamuuliza muuguzi ni nani huwatia watu ugonjwa ule.

"Hakuna anayeutia, bibi. Huu ni mtoto wa jicho. Uzee unauleta, kama unavyoleta mvi."

Kicheko kikamwishia mdomoni.

Alikaa na neno lile miezi miwili. Alichambua mtama mwenyewe, akaenda kisimani bila kuongozwa. Majirani walimshukuru Mungu, naye akaitikia amina kwa sauti ndogo. Mwishowe akamwambia Mseti anakwenda Mbalibali. Mseti hakumzuia wala hakumsindikiza.

Kwenye mji alioelekezwa alikuta wanawake wawili wakipukuchua mahindi. Akamwendea yule mnene, akamshika mikono yote miwili, akaanza kuomba radhi. Mwanamke akashangaa, akamgeukia mwenzake. Ndipo yule mwembamba, mwenye mtoto mgongoni, aliposema, "Shikamoo, mama."

Sauti aliijua. Uso hakuujua hata kidogo. Uso wa mtu aliyemlisha miaka minne.

"Nilikusingizia, mwanangu," Mogesi alisema. "Hukuwa wewe. Ulikuwa uzee."

Esta alimletea kwanza kiti na maji ya kunywa. Kisha akasema, bila hasira, kwamba alishasamehe siku nyingi.

"Lakini nimeolewa hapa, mama. Na huyu mgongoni ni wa hapa."

Mogesi akaomba aonyeshwe mtoto. Alimtazama, kisha akamtazama mama yake, pua, paji la uso, kovu dogo kidevuni, kwa muda mrefu hadi Esta akainamisha macho na kurudia mahindi yake.

Aliporudi Nyangoto, Mseti alimuuliza kama Esta hajambo. Akamjibu kwamba hajambo, ameolewa, ana mtoto. Mseti akasema ni vizuri, akainuka kwenda kufunga zizi. Mogesi aliyaona mabega ya mwanawe yakishuka, hatua kwa hatua, mpaka langoni. Aliona vizuri kabisa.