Goti la Shemeji

Spoku, fundi baiskeli wa pale kona, alikuwa na mapafu ya kugawia mtaa mzima. Mwenyewe ndivyo alivyosema, na hakusubiri kuulizwa. Klabu yao ya baiskeli ilipata nafasi moja kwenye mashindano makubwa: unaogelea, unapanda baiskeli, kisha unakimbia mpaka usahau majina ya watoto wako. Nafasi ilikuwa ya atakayefika wa kwanza kwenye jaribio la kilomita tisini. Wenzake waliona lile jua na ule upepo, wote wakakumbuka wana kazi nyumbani. Akabaki Spoku na shemeji yake, kinyozi aliyemwoa dada yake.

"Mimi nakusindikiza tu, shemeji," kinyozi alisema. "Goti bovu hili. Nafasi ni yako."

"Sindikiza, baba. Ila usiniangukie njiani, mimi sibebi maiti."

Wakafanya mazoezi miezi mitatu. Upepo wa mbele una adabu zake: mmoja anatangulia kuukata, mwenzake anajibanza nyuma ya tairi lake anapumzika, halafu wanabadilishana. Kinyozi habadilishani. Goti! Spoku akaukata peke yake, midomo imepasuka, chumvi imechora ramani kwenye fulana. Akamfundisha kila kitu, mpaka kugandisha maji nusu chupa ili yabaki baridi njiani. Kila wiki akampelekea dawa ya kuchua. Hata gurudumu lake jepesi la mbele, alilolisuka kwa mkono wake, akamfungia kinyozi ili goti lipumue.

Asubuhi moja bandeji ya kinyozi ilikuwa kwenye goti la kushoto. Jana yake ilikuwa kwenye la kulia.

"Shemeji, goti lako limepata uhamisho?"

Spoku akacheka mpaka akajifuta machozi. Ndivyo alivyo: akishapata utani, hatafuti kingine.

Siku ya jaribio upepo ulitaka kung'oa watu meno. Kilomita themanini na tisa Spoku alitangulia, kichwa chini, anasikia tu cheni ya kinyozi nyuma yake. Daraja la mwisho likaonekana. Ile cheni ikahamia ubavuni. Kinyozi akachomoka, magoti yote mawili yanapanda na kushuka kama cherehani, wala hakugeuka.

Spoku anafika, mwenzake ameshaandikwa wa kwanza.

"Shemeji, mchezo ni mchezo."

"Aliyekuwa anacheza ni wewe. Mimi nilikuwa natembea na ndugu yangu."

Kesho yake Spoku akaenda kwa dada yake na spana. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta wa sebule. Akachuchumaa, akaanza kulifungua gurudumu lake.

"Siku ya mashindano yenyewe ni marufuku kujibanza nyuma ya mtu," akamwambia kinyozi. "Waamuzi wanapita na pikipiki. Huo upepo utaukata na nini, mkasi?"

Kinyozi akatazama dari. Dada alikuwa mlangoni, bandeji mkononi, anaikunja.

"Dada, ulijua?"

Akaikunja tena. "Aliitaka sana hiyo nafasi, mdogo wangu. Ungejua, ungemkinga upepo?"

"Na dawa niliyokuwa naleta?"

"Ipo kabatini." Sauti ikamshuka. "Chupa zote. Hazijafunguliwa."

Spoku akamalizia kufungua nati ya mwisho. Akalivaa gurudumu begani, akaondoka.