Nililikimbia Ziwa la Kompyuta Yangu

Jamani, nichekeni kwanza mmalize, ndipo nisimulie, maana nikianza kusimulia hamtanisikia kwa vicheko. Mimi niliye mbele yenu, mtu ninayesomea shahada ya uzamivu, nilitimua mbio mchana kweupe, kijiji kizima kinaniona, nikiyakimbia maji niliyoyatengeneza mwenyewe kwenye kompyuta.

Mnajua mimi ni mtoto wa Mbinga, wa kule milimani kwenye kahawa, na chuoni nilichukua fizikia ya anga. Kazi yangu ilikuwa kuandika programu ya kuigiza jinsi mawingu ya gesi huko angani yanavyozunguka na kujikusanya mpaka nyota inazaliwa (baba yangu hadi leo anawaambia watu nasomea unajimu, nimechoka kumsahihisha). Sasa gesi na maji ni ndugu, vyote vinatiririka, kwa hiyo ukiirekebisha vizuri programu ya nyota inaweza kukuonyesha mawimbi ya ziwa. Ndipo msimamizi wangu akaniunganisha na wanasheria wa mipango miji waliokuwa na swali lao: sheria inakataza kujenga ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa maji, haya, ziwa likijaa, ukingo ni upi? Nikasema swali hilo tukalitafutie jibu Ziwa Nyasa, kwa sababu kijiji kimoja kusini mwa Lituhi ndiko alikoolewa shangazi yangu Oliva, na yeye akifungua mlango wa nyuma anapokelewa na mitumbwi.

Mkutano wa kijiji ulipangwa kufanyika mchana kwenye ukumbi wa kanisa. Nikafunga projekta, nikaziba madirisha kwa vitenge vya shangazi, jenereta ikawa inanguruma nje. Watu walikuwa bado, isipokuwa shangazi mwenyewe aliyewahi benchi la mbele kwa sababu goti lake bovu halimruhusu kugombania nafasi. Simu ikaita, msimamizi wangu, sauti inakatikakatika.

"Shangazi, nakuja sasa hivi," nikasema, nikatoka kwenda nyuma ya ukumbi, kwenye mihogo, ambako mtandao unashika. Na hapo ndipo nilipojimaliza. Badala ya kuzima mashine niliiacha picha icheze ukutani, ikiisha inaanza tena, eti wanaowahi wapate cha kuangalia!

Sasa sikieni picha yenyewe ilivyokuwa. Mawimbi nilikuwa nimeyakuza makusudi ili hata wa nyuma kabisa aone. Majina ya majengo ya kijiji kile niliyaandika yote, kanisa, zahanati, soko, shule. Na pale juu pembeni kulikuwa na saa inayotembea, ambayo kwa uvivu wangu niliiacha isome tarehe ya siku ileile.

Niko kwenye mihogo na "ndiyo Profesa, ndiyo Profesa" zangu, nikasikia kengele ya kanisa. Si mlio wa misa ule. Ilikuwa inagongwa kama mtu anayeua nyoka. Halafu mayowe, na kina mama wa kwaya wakatokea wamepandisha vitenge magotini, wanakimbilia mlimani.

"Ziwa linakuja! Ziwa linakuja!"

Nawaambieni ukweli, damu yangu iliganda. Upepo ulikuwa umechachamaa tangu asubuhi, mawimbi yanapasuka ufukweni mpaka unayasikia kifuani, na mimi kuogelea sijui, sisi wa milimani maji tunayajulia kwenye ndoo. Sikuuliza nani kayaona. Sikukumbuka fizikia hata ya kidato cha pili. Njia ya mlimani inapita mlangoni mwa ukumbi, nikapita pale kama mshale, kiatu kimoja kikabaki, nikawapita kina mama, nikampita mzee mwenye fimbo (Mungu anisamehe, nadhani nilimsukuma), na simu bado iko sikioni.

"Kuna nini huko?" Profesa anauliza.

"Ziwa linakuja!"

"Ziwa gani?"

Nikakata.

Nilisimama juu kabisa, kwenye shamba la shule. Watu walikuwa wanalia. Mwanamke mmoja alikuwa anamtafuta mwanawe, anaita jina lile mpaka sauti ikakauka, wengine wamepiga magoti wanasali, na wale ambao waume zao walikuwa majini hawakuwa hata na machozi, wanatazama tu. Hapo ndipo nikamkumbuka shangazi. Nikakaa chini kwenye vumbi.

Mwenyekiti wa kijiji akanifikia anahema.

"Daktari, tuambie, maji yatafika huku juu?"

"Sijui, Mwenyekiti. Nani ameyaona?"

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa. "Si wewe umetuonyesha? Pale ukutani. Yamemeza soko, yamemeza zahanati, na tarehe ni ya leo."

Ndipo, kwa mara ya kwanza, nikageuka kulitazama ziwa. Lilikuwa palepale, na fujo zake za kila siku, mitumbwi mingine imelala mchangani, mingine inayumba kwa mbali.

"Ile..." Nikanyoosha kidole kuelekea ukumbini. "Ile ni ya kuigiza tu. Ya kompyuta."

Yule mama aliyekuwa akiita mtoto (mwalimu alikuwa ndiyo kwanza amemkabidhi, mzima) akanisogelea taratibu, na wengine nyuma yake.

"Ya kuigiza? Mimi nimemzika mwanangu moyoni sasa hivi, wewe unasema ya kuigiza?"

Duara likabana, nikaona mikono inakunjwa ngumi, nikajua leo maji yameniacha nife kwa watu. Mwenyekiti akaingia katikati. "Jamani, naye alikimbia! Hamkumwona? Alitupita wote!" Mtu mmoja akacheka, akafuata mwingine, na kicheko kile kiliniokoa na kuniua palepale.

Nikashuka mbio na mguu mmoja peku. Kijiji kilikuwa kitupu, sufuria zinaungulia jikoni. Ukumbini shangazi alikuwa ameketi benchi lilelile, mikono mapajani, wimbi langu linalimeza kanisa mbele yake.

"Shangazi!"

"Haya maji yako, Generosa," akasema bila kugeuka, "yamekuja na kurudi, yamekuja na kurudi, mimi bado nipo." Kisha akanitazama. "Mara ya kwanza, lakini, sikujua kama yatarudi. Nilijaribu kusimama, goti likakataa. Nikakuona unapita mlangoni. Nikakuita."

Nilipiga magoti nikamshika miguu. Alinipapasa kichwa kama alivyokuwa akinifanyia nikiwa mdogo.

Kesho yake mkutano ulifanyika, bila projekta. Nikaieleza sheria kwa mdomo, nikauliza kama kuna swali, bibi mmoja akanyoosha mkono: "Mjukuu wangu, hizo mita sitini tumezisikia. Wewe jana ulisimama mita ya ngapi?" Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko, nami nikacheka nao, ningefanyaje?

Lakini shangazi hakucheka. Basi nimejiapiza: picha yoyote nitakayoiwasha mbele za watu, nitasimama kando yake mpaka nitakapoizima. Na siku nikisikia kengele tena, hata kama ziwa litakuja kweli, nitaingia kwanza ndani nione ni nani ameshindwa kusimama.